Mstari wa Arobaini na Tano

11 Februari

Kwa mdogo wangu,

Salamu kwanza, mengine yafuate. Mimi nipo. Moyo unapiga unavyotakiwa kwa kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni, na magoti ndiyo yameanza kudai haki zao. Ya kwako siyajui. Miaka ishirini na tisa sijakuuliza, na wewe hujaniuliza, kwa hiyo tuko sare. Naomba tu barua hii ikukute unasimama kwa miguu yako na cherehani bado inazunguka.

Anwani nimepewa na Shangazi. Namba ya simu alikataa, amesema ulimwapisha. Ndiyo maana nimepanga foleni posta na watu watatu, mmoja wao alikuwa anauliza choo kiko wapi.

Karakana nimewaachia mafundi wangu sita tangu Novemba. Nilianza na bisibisi mbili na mawe ya mizani ya kuazima. Nimeacha mizani mia tatu na kumi na mbili kwenye orodha ya wateja, kila moja inahakikiwa mara mbili kwa mwaka. Hakuna aliyenishika mkono. Nilijisomesha, nikajilisha, na miaka ile mitatu nilikulisha na wewe, kama bado unakumbuka. Sasa daktari ameniambia nitafute kazi ya kufanya nikiwa nimekaa.

Nimeipata. Nimepata kompyuta. Si hizi za kisasa, ni ile yetu. Yenyewe hasa ilichukuliwa na kamati ya uchunguzi ya hospitali na haikurudi, lakini hii ni pacha wake: nyeusi, ndogo kama kitabu cha hadithi, ya kuchomeka kwenye televisheni, vibonye bapa visivyobonyea, kumbukumbu ya nafasi elfu moja na ishirini na nne. Niliikuta kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Aliipima kwenye mzani niliouhakiki mwenyewe, gramu mia tatu na hamsini, nikailipia bei ya bati.

Wiki tano nimeishughulikia. Nimebadilisha kapasita mbili, nimesugua miguu ya chipu kwa kifutio cha penseli, na ule utepe wa vibonye uliokuwa umepasuka nimeuunga kwa rangi ya fedha inayopitisha umeme. Siku ilipowaka, ilitokea ile herufi moja nyeusi pembeni chini ya skrini. Nilikaa nikiitazama kama mtu aliyekutana na ndugu yake kituo cha basi.

Sasa nikimaliza chai naingia chumba cha nyuma, natoka mchana. Nimeandika mpira unaodunda, mistari kumi na moja. Nimeandika ya kutafuta namba zisizogawanyika, inatoa moja, inawaza, inatoa nyingine. Simu yangu ingemaliza yote kabla sijapiga chafya. Sijali. Hapa kila nafasi naijua kwa jina. Ukitaka kuongeza neno huku lazima upunguze kule, na mashine haikubembelezi. Tangu nina miaka kumi na tisa sijawahi kupata kitu kilichonitii namna hii.

Ninachokosa ni kanda ya kaseti tuliyotunzia programu. Ile ya wodini, ya Mama. Usiniambie imepotea, wewe hujawahi kupoteza hata kifungo. Itume kwa posta, gharama juu yangu. Nataka tu kuona programu yetu ikitembea tena. Ni mchezo wa mzee.

Kaka yako


2 Machi

Kaka,

Shikamoo, kwa kuwa nilifundwa adabu na aliyetufunda ni mmoja. Mimi sijambo. Macho ndiyo yamepungua, nashona kwa miwani, na uzi sasa anautunga mwanangu wa kike. Mume wangu alifariki miaka sita iliyopita. Hukujua, na hukuwa na pa kujulia.

Wanaume wengine wakistaafu hufuga kuku. Wewe umefufua shetani ukampa na umeme. Nimesoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali ulipouliza habari ya kitu kisicho mashine, nikaambulia cherehani.

Umeandika "programu yetu". Siku ya kumzika Mama haikuwa yetu. Siku hiyo ulisimama mbele ya watu ukasema ni nani aliyeiharibu, ni nani aliyemuua mtoto wa watu na kumtia Mama kaburini akiwa na aibu isiyo yake. Ukamalizia na methali, kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa nimeshika udongo, sijautupa bado. Watu wote wakageuka. Sikumbuki kama niliutupa au niliondoka nao. Tangu siku hiyo sijaalikwa kwenye harusi wala msiba wa ukoo wetu, na mwanangu alipoposwa, upande wa mume walikuja kuuliza kama ni kweli mama yake ana mkono wa mauti. Nilifunga cherehani nikawajibu mwenyewe, kwa sababu hakukuwa na mjomba wa kuwajibu.

Kanda ninayo. Sitaituma. Sisemi kwa ubaya, na sitaeleza zaidi. Endelea na mpira wako unaodunda. Mpira haujaua mtu.

Mdogo wako


15 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba, nimeipokea pamoja na miiba yake. Pole sana kwa shemeji. Ningejua ningekuja, au tuseme ningetuma mtu. Hapa kwetu hakuna mgonjwa mpya.

Kwa kuwa umefungua jambo, acha niliweke mezani kwa hesabu, maana maneno yana tabia ya kuhama.

Wodi ya watoto, wote chini ya miaka mitano. Msimu ule wa kuhara, watoto arobaini na mmoja, wauguzi wawili na mwanafunzi mmoja. Mama alikuwa anakokotoa kasi ya dripu ya kila mtoto kwa penseli, dakika nne kila mmoja. Mimi nikamtungia programu. Anaandika kilo za mtoto, mashine inampa matone kwa dakika, ananakili kwenye karatasi, mwanafunzi anafunga dripu kwa kufuata karatasi. Sekunde kumi. Mganga mkuu mwenyewe alikuja kutazama.

Kila mstari una namba na mashine inaifuata. Mstari wa arobaini na tano ulikuwa wa ukaguzi: kilo zikizidi ishirini na tano, kataa, uliza tena. Kwa sababu wodi ile haikuwa na mtoto wa kilo ishirini na tano. Nilimwambia Mama kwa kinywa changu kwamba akikosea, mashine itamkatalia. Akaniamini, akaacha penseli.

Mimi nikaenda kwenye kozi ya mizani, kilomita mia nne. Siku ya kumi na sita akaletwa mtoto wa kilo nne nukta mbili. Kibonye cha nukta kilikuwa kigumu, unakijua. Ikaingia arobaini na mbili. Jibu la haki lilikuwa matone sita. Mashine ikasema hamsini na sita, wala haikuuliza. Mwanafunzi akafuata karatasi. Kwa saa tatu mtoto akapokea nusu lita badala ya kikombe kidogo cha kahawa. Alikuwa na miezi mitatu.

Kamati walipoifungua programu iliyokuwa bado ndani ya mashine, baada ya arobaini ikaja hamsini. Arobaini na tano hakuna. Kwenye daftari langu upo, kwa wino wa buluu, na ukoo mzima uliuona. Mimi nilikuwa mbali. Aliyekuwa anapeleka ile kanda wodini kila Jumatatu na kuipakia ni wewe. Tulioijua mashine ile ni wawili. Wawili toa mmoja. Mama akafukuzwa baada ya miaka ishirini na miwili ya kazi, bila kiinua mgongo, akakaa nyumbani miaka tisa asishike hata kipimajoto. Mimi nikaacha ndoto zangu zote za kompyuta nikawa fundi wa mizani ili mle. Kati yetu wawili, nani ana haki ya kununa?

Sasa nikueleze la pili, kwa sababu sipendi kuvizia. Baba wa yule mtoto, mwashi, alinitafuta karakana mwezi wa kwanza, mafundi wakamleta kwangu nyumbani. Ni mzee. Saruji imemla mapafu, anaongea maneno manne, anapumzika. Hakutaka soda wala kiti. Alisema, "Miaka yote namchukia mama yako. Nimechoka, na karibu nakufa. Niambie kama nimemchukia mtu siye."

Nilimwambia ndiyo, ni mtu siye. Nikamwambia ni dada yangu mdogo, na ushahidi uko kwenye kanda. Akaniambia basi auone huo ushahidi kwa macho yake, nikampa ahadi. Kwa hiyo nilipokuandikia kuwa ni mchezo, ilikuwa nusu. Mchezo upo, na raha yake sikuidanganya. Lakini kanda ni ya mwashi.

Kama huna la kuficha, tuma. Ukinyamaza, nitampelekea kimya chako kama jibu.

Kaka yako


20 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Afya si mbaya. Mvua zimekuja, paa limevumilia.

Hesabu yako nimeipitia. Wawili toa mmoja. Tulikuwa watatu, Kaka. Aliyekuwa anaitumia kila siku umemwacha nje, kama kawaida ya watu wanaotengeneza vitu.

Barua yako imenikuta napima watoto wa shule, nikaisoma na futi ya kitambaa shingoni. Nilipofika kwa mwashi nilikaa chini. Kwa hiyo sasa kuna mtu anayekufa ambaye kazi yake ya mwisho duniani ni kunichukia, na aliyempa kazi hiyo ni wewe.

Nitakueleza jinsi kanda ilivyofika kwangu, mengine utayasikia mwenyewe. Wiki ya kamati, Mama alinipa akaniambia niifiche mahali ambapo wewe hutaiona. Nikamuuliza kwa nini tusiwapelekee. Akasema, "Huyu ndiye atakayetulisha. Akivunjika, tumekwisha." Nilikuwa na miaka kumi na sita. Mimi nilikuwa wa kuolewa, na jina la mtu wa kuolewa si mali ya nyumba. Siku ile sikukasirika, nilikubali kama unavyokubali kutumwa dukani. Nilikasirika baadaye, kwa awamu. Ulipoanza kunisema ndani ya nyumba nilimtazama Mama, akawa anachambua mchele. Miaka tisa nilingoja aseme. Akafa hajasema. Namwombea kila siku, na kila siku kuna dakika moja simwombei.

Kanda imo ndani ya bahasha, nimeifunga kwa kitambaa cha sare. Ni ile ile. Sina nakala, sikuwahi kuwa na redio mbili kwa wakati mmoja. Vile vimeno viwili vya nyuma nilivivunja miaka mingi iliyopita ili pasiwe na mtu wa kurekodi juu yake kwa bahati mbaya. Isikilize peke yako kabla hujamwita yeyote. Ukishafanya utakalofanya, nirudishie. Kuna mahali Mama anaongea. Picha zake ninazo tatu, sauti yake sina kokote kwingine.

Nimechoka kukulinda. Sikujua kama huo ulikuwa ulinzi mpaka nilipoiweka stempu.

Mdogo wako


9 Julai

Kaka,

Shikamoo. Natumai u mzima, na kama hu mzima, basi mwenye kukutunza akusomee.

Posta wamenionyesha kwamba kifurushi kilipokelewa tarehe ishirini na tisa Aprili na saini ni yako, ile yenye mkia. Sikuulizi ulisikia nini wala mwashi ulimwambia nini. Nakuuliza kanda. Mwanangu amepata fundi anayeweza kuhamisha sauti za zamani kwenye simu, na mjukuu anakaribia kuzaliwa. Nataka amsikie bibi yake.

Ni bahasha moja tu. Hata usipoandika neno ndani.

Mdogo wako


30 Agosti

Mdogo wangu,

Salamu zako mbili nimezipokea bila kuzijibu. Kilo zangu zimepungua saba. Mengine ya mwili hayana maana leo.

Nimeandika barua hii mara tano. Hii ni ya sita na nitaituma ilivyo.

Kanda ilifika. Mwanzoni haikupakia, kwa sababu kichwa cha kusomea kanda cha redio yangu hakikukaa sawa na kile cha redio yetu ya zamani. Nilichukua bisibisi ndogo nikawa nakigeuza kidogo kidogo nikisikiliza ule mlio mpaka uwe mkali. Kazi ya dakika ishirini, na niliifanya nikiwa na furaha. Nataka ujue hilo. Nilikuwa napiga mluzi.

Halafu nikasikia mtu anaongea. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba tulikuwa tunasema kwanza. Programu kwenye kanda ni mlio tu, kama nyigu ndani ya kopo, na huwezi kujua ipi ni ipi. Kwa hiyo kabla ya kurekodi kila moja tulisogeza mdomo tukataja ni toleo la ngapi na nini kimebadilika. Matoleo sita yakapita. La saba nililirekodi asubuhi ya kuondoka, begi likiwa mlangoni. Wewe ulikuwa shule. Nilisikia nilichosema na alichosema Mama. Wewe unakijua, mimi sitakirudia.

Nikapakia hilo la saba. Likaja jina langu na la Baba juu ya skrini, herufi kumi na nane pamoja na nafasi ya katikati. Jina hilo nililikumbuka siku zote. Kamati walilisoma kwa sauti, na mimi, Mungu anisamehe, siku ile nilivimba kidogo. Miaka thelathini na minane sikuwahi kujiuliza lilikaa wapi.

Nilichukua daftari nikaiandika programu upya kama ilivyo humo, na mstari wa arobaini na tano ndani. Nikajaribu kuongeza jina. Mashine ikakataa, imejaa. Nikafuta arobaini na tano, jina likaingia. Nikahesabu. Mstari wa ukaguzi unakula nafasi ishirini na sita. Mstari wa jina langu, pamoja na namba na amri yake, ishirini na sita. Haikubaki hata moja. Daftari sikulisahihisha, nilikuwa na haraka ya basi. Basi hilo hilo ndilo lililonifanya niwe mbali, nisiye na kosa.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Kanda sitaweza kukurudishia. Nimeifuta.

Sitakudanganya kwamba kidole kiliteleza. Vimeno ulikuwa umevivunja. Nilikata utepe wa gundi, nikaziba tundu, nikabonyeza vibonye viwili pamoja, nikakaa. Upande mmoja ni dakika thelathini. Nilikaa zote nikitazama gurudumu linavyozunguka. Ningeweza kusimamisha wakati wowote. Simu ilikuwa mezani pale pale, ningeweza angalau kunakili Mama anavyoongea, isingechukua hata dakika moja. Nilikuwa nawaza kitu kimoja tu, kwamba kisiwepo. Gurudumu liliposimama nilijisikia mwepesi, kama mtu aliyetapika. Ilidumu mpaka nilipofika jikoni.

Mwashi alikuja Juni, na mwanawe wa kiume amemshika mkono. Nilimwambia ukweli. Nilimwambia ni mimi, nikamweleza ishirini na sita kwa ishirini na sita. Alisikiliza mpaka mwisho, akataka kuisikia kanda. Nikamwambia nimeifuta.

Alipumzika kwanza. Akasema, "Januari ulikuwa na hakika ni dada yako." Nikasema nilikosea. Akasema, "Nimejenga nyumba za watu miaka arobaini. Najua mtu anayeziba ufa." Kisha akaniambia, kwa upole, mdogo wangu, na upole huo ndio ulioniua: "Umekuja kumbebea. Ningekuwa na dada, na mimi ningembebea." Nikafungua daftari nimwonyeshe, na daftari lina arobaini na tano kwa mwandiko wangu. Akaweka kidole juu yake, akalifunga, akasimama.

Nilikwenda kwake mara mbili baada ya hapo. Mara ya pili mwanawe alinizuia mlangoni, akasema namsumbua mgonjwa. Amefariki tarehe kumi na mbili mwezi huu. Amekufa akiamini ni wewe.

Nilimwita Shangazi na wazee wa ukoo waliobaki, nikawaambia. Shangazi akanishika paji la uso. Mmoja akasema uzee umeanza kuniingia kichwani, mwingine akasema ni vizuri kumsamehe dada lakini si kwa kujitia uongo, daftari waliliona wote. Miaka ishirini na tisa nimewahubiria, na kumbe nilikuwa mhubiri mzuri. Sasa siwezi kuwatoa mahali nilipowapeleka.

Mizani ikikosea unaweza kuirudisha kwenye sifuri. Kuna skrubu yake chini. Nimeandika sentensi hii halafu nimeona ni ya kijinga, lakini naiacha, maana ndiyo kazi pekee niliyowahi kuijua.

Niambie la kufanya. Nitalifanya.

Kaka yako


14 Septemba

Kaka,

Shikamoo. Mimi mzima. Mjukuu amezaliwa, wa kike, kilo tatu na robo, mama yake anaendelea vizuri.

Nimesoma. Nilisoma nikiwa nimesimama, nikaenda kumalizia sketi kumi na mbili zilizokuwa zinangojwa, nikarudi nikasoma tena.

Sikulaumu kwa mtoto. Ulikuwa na miaka kumi na tisa na ulitaka jina lako lionekane kwenye televisheni. Hata mimi ningetaka. Kwa uliyoyasema kaburini pia, nimeshajaribu, naweza kukukuta nusu ya njia: ulikuwa unaamini. Nakulaumu kwa zile dakika thelathini. Hizo ulikuwa na miaka hamsini na saba, na hukuwa na basi la kuwahi.

Umeniomba nikwambie la kufanya. Sina. Mwashi amekufa, wazee wamechagua, na mimi nimeshazoea kuishi na watu walionigeuzia shingo. Usije. Usitume mtu. Usijaribu kuniletea mashine iliyotengenezwa ikaongea kama Mama, najua unavyofikiri. Posta ikitaka kupumzika, tuiache ipumzike.

Nakuandikia mara hii ya mwisho kwa sababu moja. Kanda ile nilikaa nayo miaka thelathini na minane, nikiisikiliza kila tarehe aliyofukuzwa kazi na kila tarehe aliyokufa, mpaka redio yangu ilipoharibika. Naijua kuliko ninavyojua sala. Nimeiandika hapa chini. Kama ushahidi haifai kitu, ni mwandiko wangu, na mwandiko wangu kwenu hauna thamani. Nimeiandika nakala mbili. Moja nitampa mjukuu akijua kusoma. Hii ni yako.

Inaanza na redio inabonyezwa, halafu unakohoa.

Wewe: Toleo la saba. Nimetoa arobaini na tano, nimeweka jina langu.

Mama: Arobaini na tano ndiyo nini?

Wewe: Ule wa kukukatalia ukikosea.

Mama: Sasa nikikosea?

Wewe: Mama, wewe umewahi kukosea?

Hapa anacheka. Kuna kikombe kinawekwa mezani.

Mama: Haya, weka. Weka na la baba yako. Watu wajue ni mwanangu.

Mdogo wako